Kinasa Mlio cha Popo: Anza Pangoni, Ndipo Uende Dukani

Magharibi ikiingia Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, popo hutoka pangoni kama moshi. Sikio halipati ila mpapatiko wa mbawa. Mara ya kwanza niliposimama pale nilikuwa na kifaa cha kuazima, kilichoundwa kwa ajili ya popo wa Ulaya. Nikakiweka kwenye kilohezi 45, kama mwongozo wake ulivyoelekeza. Kikatoa mlio wa hapa na pale, hali popo wananipita usoni. Nikazungusha kitufe hadi 60, spika ikapiga mluzi mrefu. Nikaendelea kukizungusha, kikagota kwenye 120. Wale wadogo waliokuwa wakiruka usawa wa magoti yangu sikuwasikia kabisa.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kilichaguliwa kabla ya mtu kuuliza ni nani anayelala pangoni.

Katika mapango ya mawe ya matumbawe ya pwani yetu wamejaa popo wa kundi la pua-jani, ambao mlio wao hukaa sehemu kubwa kwenye masafa yale yale. Macronycteris vittata, mkubwa wao, hulia karibu na kilohezi 60. Hipposideros caffer, anayeenea kiganjani, hupanda hadi karibu 140. Kisha yupo Cloeotis percivali, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1901 kutokana na kielelezo cha Takaungu, kaskazini mwa Mombasa. Kusini mwa Afrika amenaswa akilia kwenye kilohezi 212, miongoni mwa milio ya juu kabisa ya popo inayojulikana. Uingereza, popo mwenye mlio wa juu kuliko wenzake yuko karibu na 110. Kifaa kinachowatosha wao kinatupunja sisi.

Kinasa cha kidijitali hupima sauti maelfu ya mara kwa sekunde, na hunasa kwa uaminifu masafa yaliyo chini ya nusu ya idadi hiyo tu. Chenye vipimo 256,000 huishia kilohezi 128, kwa hiyo Hipposideros caffer yuko nje. Tena, kama hakuna chujio la kuuzuia, mlio wake wa 140 hukunjika na kutokea kwenye 116, nawe ukaandika daftarini popo ambaye hayupo. Kosa hilo naliogopa kuliko ukimya, kwa sababu linafanana na ugunduzi. AudioMoth, yenye vipimo 384,000, hufika 192 na huwafaa karibu wote wa mapangoni mwetu. Anayemtafuta Cloeotis hana budi kupanda hadi 500,000, kama Pettersson M500, na kukaa mdomoni mwa pango, maana hewa humeza sauti ya juu namna hiyo baada ya mita chache.

Gharama nyingine ni kumbukumbu. Vipimo 384,000 mfululizo hujaza takriban megabaiti 46 kwa dakika. Usiku wa saa 12 unakula gigabaiti 33. Wengi hukwepa kwa kukitega kifaa kiamke kikisikia mlio mkubwa. Mimi sikubali njia hiyo kwa pwani. Cardioderma cor, mwenye pua ya umbo la moyo, hunong'ona anapotafuta njia, na kifaa kilichotegwa hivyo kitamlalia usingizi. Afadhali kurekodi dakika moja katika kila tano, usiku kucha.

Usitegemee pia programu ya kutambua spishi iliyofunzwa kwa milio ya Ulaya. Itakupa jina tu, hata kama mwenye jina hilo hajawahi kuvuka Sahara. Tunahitaji maktaba yetu ya milio: popo anaswe kwa kibali, apimwe mkono wa mbele, atambuliwe, kisha aachiliwe mbele ya maikrofoni, na jina lake liandikwe kwenye faili usiku uleule.