Mlima Haupandwi kwa Pupa

Hapa Bagamoyo, Tukuyu, mlima tunaujua kwa masikio. Lori lililosheheni likitoka Kyela, unasikia dereva akirudisha gia mapema, injini ikinguruma kwa sauti nzito isiyobadilika. Aliye mzoefu haikamui. Kila nisikiapo sauti hiyo humkumbuka Bruno Büchner.

Mjerumani huyu alianza na mashindano ya baiskeli, akaingia kwenye magari, kisha akawa rubani wa maonyesho, enzi ambazo watu walilipa kiingilio kumwona binadamu akiruka. Mei 1914, katika nchi ambayo leo ni Namibia, aliruka na barua kutoka Swakopmund, ufukweni, hadi Karibib, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari.

Hebu itazame kazi yenyewe. Ndege ni fito za mbao, nyaya, na kitambaa kilichowambwa na kupakwa dawa hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Injini ya nguvu farasi 100 iko mgongoni kwa rubani. Hewa yenye joto ni nyepesi, na ya mlimani ni nyepesi zaidi: mabawa yanakosa pa kuegemea, injini inapungukiwa pumzi. Ukiinua pua kwa pupa, mwendo unakufa na ndege inadondoka. Basi rubani hodari huondoka asubuhi, jua halijaichemsha ardhi. Hupanda kidogo, huilaza ndege ikusanye mwendo, hupanda tena, sikio likiwa kwenye injini muda wote.

Kutoka Namibia ya leo Büchner aliileta ndege Dar es Salaam kwa maonyesho ya Agosti 1914, ya kusherehekea Reli ya Kati iliyokwisha kufika Kigoma. Vita vikazuka, sherehe ikafa, jeshi la Wajerumani likaichukua ndege. Novemba mwaka huohuo Luteni Erich Henneberger alianguka nayo, akafa. Uzima na mauti vilikaribiana kiasi hicho. Büchner aliishi hadi 1943.

Ujasiri walikuwa nao wote wawili, kama marubani wote wa zama zile. Ninachokistahi mimi kwa Büchner ni ile subira ya kupanda hatua kwa hatua. Kijana wa Tukuyu unayetamani urubani, simama siku moja kando ya barabara ya Kyela, umsikilize dereva mzoefu akiupanda mlima. Somo la kwanza ni hilo.