"Wale" na "Sisi": Riwaya ya Walenisi na Mafunzo ya Kupinga Ubaguzi Chuoni

Suala la ubaguzi si geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Wahakiki wengi wameligusa kwa kuorodhesha wahusika wanaobagua na wanaobaguliwa, kisha wakahitimisha kwamba mwandishi ameikemea jamii yake. Makala haya hayakusudii kuirudia kazi hiyo. Yanakusudia kuuliza swali moja: msomaji hufundishwaje kuuona ubaguzi ambao yeye mwenyewe anauendeleza? Swali hili lina uzito wa pekee katika mwambao wa Kilifi na Malindi. Huko Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki na kupata hati yake kamili mwaka 2013, huwakutanisha vijana wa Kimijikenda, Waswahili, na wenzao waliotoka bara. Kila mmoja huja na lugha yake, na ndani ya lugha hiyo huja na majina anayowaitia wengine.

Njia ya kumtia mwanafunzi ndani ya hali ya mbaguliwa, badala ya kumhutubia tu, imekwisha kujaribiwa kwingineko. Mwaka 1968, siku moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, mwalimu Jane Elliott wa Riceville, katika jimbo la Iowa huko Marekani, aliwagawa watoto wa darasa lake kwa rangi ya macho: kundi moja likapewa heshima, jingine likadunishwa, kisha akayabadilisha. Baadaye vyuo vikuu vya nchi hiyo vilibuni maonyesho ambamo mwanafunzi hupitishwa chumba baada ya chumba, na katika kila chumba hukuta igizo la dhuluma ya aina yake.

Baina ya njia hizi mbili ipo tofauti isiyopaswa kupuuzwa. Mtoto wa Elliott aliduniswa yeye mwenyewe, na siku nyingine akawa yeye mwenyewe mwenye kudunisha. Mtazamaji wa maonyesho huoneshwa tu mateso ya mtu mwingine. Anaweza kulia kwa dhati, lakini machozi hayo ni ya huruma, na huruma huhitaji umbali. Anayehurumia husimama juu na anayehurumiwa husimama chini. Kila mmoja hubaki pale alipokuwa.

Hapa ndipo riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), inapotufaa. Mkangi, aliyefariki mwaka 2004, alikuwa mwana wa pwani hii na mwanasosholojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 alitiwa kizuizini na serikali ya wakati huo. Kabla ya Walenisi alikuwa amekwisha kuandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Katika riwaya hii ya tatu, Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha angani na kutumwa safari ambayo waliomtuma hawakutarajia kwamba atanusurika. Chombo hicho kinamfikisha Walenisi, nchi ya watu walio sawa, na huko anapokewa na Mtu-Binti.

Tuutazame mwelekeo wa safari hiyo. Maonyesho ya vyuoni humchukua mtu kutoka katika raha na kumwingiza, kwa saa moja, katika dhuluma. Mkangi anaigeuza njia hiyo. Anamtoa mtu katika nchi ya dhuluma na kumtupa katika nchi ya haki, ili mageni yawe ni yale aliyokuja nayo. Dzombo si mtazamaji wa mateso ya wengine. Ni mgeni asiyejua desturi, na desturi inayomshinda ni usawa. Msomaji aliyezoea kucheo na kutwezwa hujikuta yu mjinga pamoja naye, na mjinga hana mahali pa juu pa kusimama na kuhurumia. Hana budi kujihoji.

Hata majina yanafanya kazi hiyo. Katika jina la Mtu-Binti, utu unatangulia na jinsia inafuata. Jina la Dzombo lina sauti dz, ambayo ni ya kawaida katika lugha za Kimijikenda lakini haimo katika Kiswahili sanifu. Kwa kumpa shujaa jina hilo bila kulilainisha, mwandishi ameiweka sauti ya Mmijikenda katikati ya riwaya ya Kiswahili, pahali ambapo kwa muda mrefu sauti hiyo ilichekwa kuwa ni lafudhi ya shamba.

Jina la nchi yenyewe ni sentensi: wale ni sisi. "Wale" ni kionyeshi cha mbali. Hakitamkwi ila kwa kunyoosha kidole. "Sisi" nayo ina utata wake, kwani Kiswahili hakibainishi iwapo anayeambiwa yumo au hayumo. Neno hilo hilo laweza kuwa mlango, na laweza kuwa ukuta. Mkangi ameyaunganisha maneno hayo kwa kitenzi kifupi kuliko vyote, na kuliacha swali kwa msomaji: sisi ipi?

Historia ya pwani inaonesha kwamba swali hilo si la nadharia tupu. Mwaka 1850 Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki. Mojawapo aliiita Kinika, na nyingine Kigalla. Mwaka 1887 ikatoka kamusi nzima ya "Kinika". Wenye lugha hawakujiita hivyo. Wanyika ni watu wa porini, kwa mtazamo wa aliye mjini. Na Wagalla ni jina ambalo Waoromo wamelikataa. Ilipofika miaka ya 1940 ndipo jina la Mijikenda, yaani miji tisa, liliposhika nguvu kwa hiari ya wenyewe. Hata hivyo, aliyeitwa Mnyika naye alikuwa na "wale" wake. Wawindaji wa nyuma ya Malindi wanaojiita Waata waliitwa Wasanye na Waliangulu na majirani zao. Aliyeonewa kwa jina hakuacha kuonea kwa jina.

Hatusemi kwamba riwaya hii haina kasoro. Mafunzo yake mara nyingi huja kwa njia ya maelezo marefu: mgeni anauliza, mwenyeji anajibu, na mgogoro unalegea. Nchi iliyokamilika haina mtu wa kuipinga kwa hoja nzito, na msomaji asiyekubaliana huachwa nje ya mjadala. Fani, kwa hiyo, inaidhoofisha dhamira ambayo ndiyo nguvu ya kitabu.

Lakini katika jambo moja maudhui yake yanawashinda wabunifu wa maonyesho. Mkangi hautenganishi ubaguzi na mali. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila haki inayotambuliwa juu ya ardhi ya mwambao, na vizazi vyao vikaitwa maskwota katika nchi ya babu zao. Jina la dharau lilitangulia, na hati ikafuata: aliyekwisha kuitwa mtu wa porini ni rahisi kuambiwa kwamba hana shamba. Mafunzo yanayosafisha moyo wa mwanafunzi na kuuacha mpaka wa shamba palepale yatakuwa yamefundisha adabu tu.

Yafaa basi Walenisi isomwe katika vyuo vya pwani kwa zoezi linalofuata mantiki yake. Mwanafunzi asitakiwe kuigiza maumivu ya mwenzake. Aandike majina ambayo lugha ya kwao huwaitia watu wengine, aeleze asili ya kila jina, na ataje ni nani aliyefaidika lilipotumiwa. Kisha alisome jina hilo mbele ya darasa ambamo anayeitwa hivyo ameketi. Zoezi hili halihitaji chumba chenye giza wala waigizaji. Linahitaji mwalimu wa lugha aliye tayari kuanza na orodha yake mwenyewe.