Ngũgĩ, Conrad na Idara Iliyogeuzwa

Wanafunzi wengi wa sekondari, kuanzia Makambako hadi Ipelele kule Makete, wamemjua Ngũgĩ wa Thiong'o kupitia tamthilia ya The Black Hermit. Wachache huambiwa kwamba mtunzi huyo alilelewa kitaaluma na riwaya za Kiingereza, na kwamba malezi hayo ndiyo yaliyompa zana za kuipindua idara nzima ya chuo kikuu. Jambo hilo linastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Alipoingia Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1959, chuo hicho kilikuwa kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na mtaala wa Kiingereza ulifuata mkondo wa London. Ngũgĩ alimchagua Joseph Conrad kwa uchunguzi wa kina. Conrad, Mpolandi aliyeanza kuchapisha riwaya kwa Kiingereza mwaka 1895, alikuwa fundi wa kuvunja mfuatano wa wakati: tukio linatajwa, linaachwa, kisha linarudiwa kupitia macho ya mtu mwingine.

Ufundi huo ulivuka na Ngũgĩ hadi Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alikokwenda mwaka 1964 na kuandika A Grain of Wheat, iliyotoka 1967. Iweke kando ya Under Western Eyes ya Conrad. Kwa Conrad, Razumov anamsaliti Haldin, wanamapinduzi wanamdhania mwenzao, mwishowe anaungama kwa dada wa Haldin. Kwa Ngũgĩ, Mugo anamsaliti Kihika, kijiji kinamwona shujaa, naye anaungama kwa Mumbi, dada wa Kihika. Mtambo ni uleule. Kilichobadilika ni msimulizi. Conrad alimpa kazi hiyo mwalimu mzee Mwingereza anayewatazama Warusi kwa mbali. Kwa Ngũgĩ, kuna kurasa ambazo sauti inasema "sisi", sauti ya wanakijiji wenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uvumbuzi wake mkubwa kuliko yote.

Mwaka 1967 alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968, yeye na wenzake Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ifutwe. Wengi hukumbuka kufutwa tu. Ukiusoma waraka kwa makini, Waingereza hawakufukuzwa. Fasihi simulizi, Kiswahili na maandishi ya Afrika Mashariki yaliwekwa katikati, kisha Afrika nzima na Karibi, ndipo Ulaya. Wala mjadala haukuishia Nairobi: Grant Kamenju, aliyekuwa na Ngũgĩ Leeds, alifundisha fasihi Dar es Salaam na kuisukuma hoja hiyohiyo.

Kumbe waraka na riwaya vinatumia mbinu moja: kinachosomwa kinabaki, anayetazama anahama. Waraka huo usingekuwa na nguvu kama waandishi wake wasingeijua fasihi waliyotaka kuisogeza pembeni.

Walimu wa Fasihi mlioko Ipelele, Makete na Njombe: kabla ya kumfungua Dickens au Conrad darasani, waacheni wanafunzi wasimulie kwanza hadithi ya Kikinga au Kibena waliyoisikia nyumbani. Kisha waulizeni: nani anasimulia hapa, na amesimama wapi? Swali hilohilo mlipeleke kwenye riwaya ya Kiingereza.