Ya Chuma, Nyepesi, Gia Kibao: Baiskeli ya Lami Imetua Tarime

Jamani, imefika! Miyata ya Kijapani, fremu ya chuma, bluu iliyochubuka kidogo shingoni, usukani wa resi uliopinda chini, gia mbele na gia nyuma. Imeshushwa Tarime mjini kwenye mzigo wa mitumba, na nimeipanda hadi Sirari hata vumbi la kontena halijaisha kwenye spoku. Naandika mapaja yakiwa bado yanawaka, na nasema bila kumung'unya maneno: kwa mtu anayekwenda kazini kila siku kwenye lami ya Musoma hadi Sirari, chombo ndicho hiki.

Inyanyue kwanza. Tumezoea Phoenix ya Shanghai na zile Swala za enzi zetu, baiskeli za heshima kabisa, zinazobeba gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na mama mwenye mtoto mgongoni bila kulalamika. Lakini uzito wake wenyewe unapita kilo 20 kabla hujafunga kitu kwenye keria. Hii nimeishika bomba la juu kwa mkono mmoja nikapanda nayo ngazi! Miyata walianza Tokyo wakitengeneza bunduki kabla ya kugeukia baiskeli mwishoni mwa karne ya 19, na mtu anayejua kutoboa mtutu hashindwi na bomba. Mabomba haya ni ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, kuta zake nyembamba katikati na nene kwenye maungio, mahali ambapo nguvu yote hukusanyika. Gonga kwa ukucha uisikie inavyolia. Chuma cha namna hii kinameza mtetemo wa lami iliyochakaa, na siku kikipata ufa, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukiunga. Fremu ya kaboni yenye ufa haichomelewi, kwa hiyo yule anayekuuzia kaboni ya mtumba kwa bei ya kutupa, mshukuru na uendelee na safari zako.

Sasa gia! Hapa ndipo nilipopiga kelele peke yangu barabarani.

Mji wa Tarime uko nyanda za juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria liko mita 1,134. Aliyewahi kupanda kutoka daraja la Kirumi kupitia Utegi anaijua tofauti hiyo kwa magoti yake. Na kuelekea Sirari ni panda shuka, panda shuka. Baiskeli nyingi za resi zinazokuja kwenye mitumba zilitengenezwa kwa ajili ya vijana wa mashindano: sahani mbili kubwa mbele, ya meno 52 na ya 42, na nyuma kigia kikubwa kabisa ni cha meno 23 hivi. Ukiwa kwenye 42 kwa 23, mzunguko mmoja wa pedeli unaisukuma baiskeli karibu mita 4. Kwenye tambarare ni raha tupu. Kwenye kilima, ukiwa na begi la kazi na chakula cha mchana mgongoni, utashuka na kukokota, na wiki ya pili baiskeli itakuwa imetundikwa ukutani.

Miyata hii ni ya safari ndefu, si ya mashindano, na tofauti iko kwenye meno. Mbele kuna sahani tatu, ndogo kabisa ina meno 28. Nyuma kigia kikubwa nacho kina 28. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja, tairi linazunguka mara moja, mita 2 na ushee. Inapanda! Nimekaa kwenye siti, mdomo umefungwa, napumua kwa pua, kilima kinakuja chini yangu taratibu bila kunidai chochote. Kisha mteremko: sahani ya 48, nyuma 14, kila mzunguko unanipa zaidi ya mita 7, upepo unapiga kifuani, malori ya mpakani yananipita kwa adabu kwa sababu mimi mwenyewe nakimbia. Kijana wa bodaboda alinisindikiza ubavuni, akacheka, akapaza sauti, "Mura, hiyo inakula mafuta gani?"

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, chuchumaa uhesabu meno. Usione haya. Kabla ya rangi, kabla ya jina la kampuni, hesabu meno. Sahani ndogo ya mbele ikiwa na 34 au pungufu, na kigia kikubwa cha nyuma kikiwa na 28 au zaidi, hiyo baiskeli itakufikisha ofisini Tarime ukiwa na shati kavu. Nimeipenda pia namna gia zinavyobadilishwa: vishikizo viwili vidogo kwenye bomba la chini, waya unakwenda moja kwa moja, hakuna mtambo wa ajabu ndani. Ukisikia cheni inakwaruza, unasogeza kidole, inatulia. Fundi yeyote wa chini ya mwembe atauelewa mfumo huo.

Usukani uliopinda wengi wanauogopa. Wanafikiri lazima uiname ukitazama tairi la mbele. Sivyo! Mikono inakaa juu karibu muda wote, na pale chini unakwenda tu upepo wa mbele unapokukaba. Muhimu ni kipimo: simama juu ya bomba la juu, miguu yote chini, na kati ya bomba na wewe vidole viwili au vitatu vipite. Visipopita, mwachie mrefu.

Matairi yanahitaji tukae kidogo, kwa sababu hapa watu wanalizwa. Rimu ya baiskeli hii ni ile inayoandikwa 700C, na kipenyo cha mahali tairi linapokalia ni milimita 622. Phoenix ya kawaida tunaiita inchi 28, na kipenyo chake ni milimita 635. Baiskeli za zamani za resi za inchi 27 zina 630. Kwa macho zote ni sawa, na muuzaji mwenye haraka atakuambia zinaingiliana. Haziingiliani! Tairi la Phoenix kwenye rimu ya 700C litapwaya na kuchomoka, na la 622 halitavuka kwenye rimu ya 635 hata mkilivuta watu wawili. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi madogo, kwa mfano 32-622: namba ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo. Soma ile ya pili, iandike kwenye simu, na kabla ya kulipa uulize kama dukani kuna matairi mapya ya namba hiyo. Kama hayapo Tarime, Mwanza wala ng'ambo ya mpaka Isebania, basi umenunua pambo.

Na unene! Wembamba wa milimita 23 unapendeza kwenye picha tu. Mimi nataka 32, na Miyata hii inayapokea kwa sababu breki zake zina mikono miwili iliyosimama kando ya rimu, hivyo juu ya tairi kuna nafasi ya kutosha hata ya madigadi. Nimekagua: matundu ya kufungia madigadi yapo, ya keria yapo. Baiskeli isiyo na matundu hayo itakupaka udongo mwekundu mgongo mzima siku ya kwanza ya masika. Valvu ni zile nyembamba, kwa hiyo nunua kiadapta kidogo cha shaba, ukizungushie juu yake, na pampu yoyote ya gari au bodaboda itakuhudumia.

Nikaipeleka pia kuelekea Nyamwaga nione itasemaje lami ikiisha. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa, ukipunguza upepo kidogo, inakwenda kwa furaha. Wala hili si jambo la ajabu: tangu 2021, upande wa pili wa mpaka huko Maasai Mara, yamekuwa yakifanyika mashindano ya Migration Gravel Race, na wanaoshindana wanapanda baiskeli za usukani huu huu kwenye vumbi la ukanda huu huu, ila matairi yao ni manene zaidi. Ila kwenye mawe makubwa ya kuelekea Nyamongo nilishuka. Na kwa wenzangu wa Mugumu nasema wazi: kama njia yako ya kazini ina udongo mweusi wa mbuga, msimu wa mvua udongo ule utajaa kati ya tairi na breki mpaka gurudumu lisimame kabisa. Nunua ya matairi mapana zaidi. Na kama unaishi Robanda au Nata, kando ya hifadhi, usitoke kabla hakujapambazuka vizuri. Baiskeli haina mlio wa kuwatahadharisha tembo na nyati, na hakuna gia ya kuwakimbia.

Sasa tuifunge, maana chombo kizuri hivi kina wapenzi wengi.

Tupilia mbali ule waya uliovishwa plastiki wa rangi. Plaizi ya fundi umeme inaukata kabla hujamaliza kuagiza chai. Kinachotakiwa ni kufuli la U, la chuma kigumu, na lisiwe kubwa: nafasi ikibaki ndani yake, mwizi anaingiza nondo au jeki na kulipanua. Angalia na ufunguo pia. Mwaka 2004 dunia ya baiskeli ilishtuka pale makufuli ya Kryptonite, jina kubwa kabisa katika biashara hii, yalipoonekana yakifunguliwa kwa mwili wa kalamu ya Bic, kwa sababu tundu lake la ufunguo lilikuwa la duara. Chagua la ufunguo bapa.

Halafu, unalifunga wapi? Fundi maarufu wa Marekani, Sheldon Brown, aliyefariki 2008, alifundisha njia ninayoipenda sana: kufuli lizunguke rimu ya nyuma katikati ya pembetatu ya nyuma ya fremu, pamoja na nguzo. Lazima rimu ikatwe ndipo baiskeli itoke, na gurudumu la nyuma, ambalo ni la gharama, linabaki limefungwa na fremu. Gurudumu la mbele lina wenzo wa kufungulia kwa mkono. Raha ukipata pancha, hasara sokoni! Mimi nitauondoa niweke ekseli ya nati, inayodai spana. Nguzo nayo ikaguliwe: mti mwembamba unakatwa, na bango fupi linavuliwa kwa juu.

Kuna kitu kwenye fremu hii kilichonisisimua kuliko vyote. Chini ya siti kuna kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na namba. Kule Japani, tangu 1994, anayenunua baiskeli anatakiwa kuisajili ili ikiibwa polisi waweze kumtambua mwenyewe, na hicho kibandiko ndicho alama yake. Imevuka bahari ikiwa bado na kitambulisho! Chombo chetu hakitatambulika hapa kwa kibandiko cha huko, lakini wazo tulichukue. Pindua baiskeli: chini, mahali pedeli zinapopita, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Ipige picha, ipige picha baiskeli nzima, dai risiti yenye namba hiyo. Muuzaji akisitasita kuiandika, ondoka. Ukienda polisi kuomba RB ukiwa na namba mkononi, unaongea lugha nyingine kabisa na yule anayesema tu "ilikuwa ya bluu." Mkurya hamwachi ng'ombe wake bila alama; nami nimekata kipande cha karatasi chenye jina na simu yangu, nimekikunja na kukisukuma ndani ya bomba la siti, mahali ambapo mwizi hatakifuta kwa rangi wala kukibandua.

Na usiku ilale ndani. Si uani, si kibarazani: ndani, karibu na kitanda. Mchana, omba nafasi mbele ya macho ya mtu. Fundi mmoja mzee karibu na stendi, nilipomwamkia na kumwomba niiegeshe kwake, aliizunguka kimya, akabonyeza breki, akasema, "Iache hapa, mura. Ila kesho niletee raba mpya za breki, hizi zimekauka." Yuko sahihi. Raba zilizokauka huteleza kwenye rimu yenye maji, na mvua za mchana za huku haziombi ruhusa.

Taa zinunuliwe siku hiyo hiyo, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, kwa kuwa malori ya Kenya hayapungui giza likiingia. Bajeti igawe mapema: usimalize hela zote kwenye baiskeli ukaja kuokoteza kufuli.

Muuzaji anafungua mzigo mwingine wa baiskeli Jumamosi. Nimechungulia: kuna nyeupe moja ya fremu ndogo, inamfaa mwenye mguu mfupi, nyuma ina kigia cha meno 30, rimu 622, na shimo la keria moja limejaa kutu tu, linazibuka kwa mafuta ya taa. Siti imechanika. Wahi asubuhi.