Mlokole Bapa

Mara ya kwanza kuangalia Saved! nilicheka nusu saa nzima. Tulikuwa chuo, mwaka wa pili, watu watano tumejibana kwenye kitanda cha hosteli mbele ya kompyuta moja. Halafu ikafika sehemu ambayo Hilary Faye anamrushia mwenzake Biblia mgongoni huku akipiga kelele kwamba yeye amejaa upendo wa Kristo. Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikanyamaza, maana huyo dada nilikuwa namfahamu. Alikuwa mimi.

Kwa ambaye hajaiona: Saved! ni filamu ya kejeli ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Brian Dannelly. Inahusu sekondari moja ya Kikristo huko Marekani. Mary, binti aliyeokoka, anaambiwa na mpenzi wake Dean kwamba anadhani anavutiwa na wanaume. Wako ndani ya bwawa la kuogelea. Mary anagonga kichwa, anadhani amemwona Yesu akimwambia afanye kila awezalo kumsaidia kijana huyo, na anaamua kumpa ubikira wake. Dean anapelekwa kwenye kituo cha "kurekebishwa" hata hivyo, na Mary anabaki na mimba ya kuficha. Anayemwandama ni Hilary Faye, malkia wa walokole wa shule, aliyeigizwa na Mandy Moore.

Wakristo wengi wanalalamika kwamba filamu za namna hii zinawachora kwa muhuri mmoja: binti mnafiki, mchungaji mwenye siri, umati unaoimba bila kufikiri. Watetezi wa filamu wanajibu kwa mkato: lakini watu hao wapo. Ni kweli, wapo. Dannelly mwenyewe alisoma sekondari ya Kibaptisti, na inaonekana. Mchungaji Skip, mkuu wa shule anayejilazimisha kuongea lugha ya vijana, hakutoka hewani. Ukiwahi kuhudhuria kongamano lolote la vijana Dodoma au Nakuru, umeshakutana naye akiwa na maikrofoni.

Na sisi tuna muhuri wetu. Kwenye vichekesho vyetu mlokole anajulikana kabla hajafungua mdomo: sketi ndefu, Biblia ya zipu, "Bwana asifiwe" kwa sauti ya kukaribia kulia. Tunacheka kwa sababu tumemwona kweli. Kwa hiyo kuuliza kama mtu huyo yupo hakutufikishi mbali. Swali langu ni hili: filamu inasema nini kuhusu sababu ya yeye kuwa hivyo?

Kidato cha tatu nilikuwa kiongozi wa maombi bwenini. Tulikuwa tunaamka saa tisa usiku kuomba, na hakuna aliyetulazimisha. Muhula mmoja, msichana wa kitanda cha jirani aliniambia kwamba hajaziona siku zake miezi miwili. Aliniambia mimi kwa sababu niliaminika. Nikamwekea mikono, nikaita wenzangu watatu, tukakemea mapepo juu ya kichwa chake mpaka akaanza kutetemeka. Asubuhi nikaenda kwa matroni, nikamweleza kila kitu. Miaka ile mwanafunzi akipata mimba alifukuzwa, basi. Waraka wa kuwaruhusu kurudi shuleni Tanzania ulikuja Novemba 2021. Yeye aliondoka wiki ileile. Nilimbebea tranka lake mpaka getini, nikarudi bwenini nikalia, nikafunga kula siku tatu kwa ajili yake.

Hilary Faye naye anafanya hivyo. Yeye na wenzake wanamkamata Mary, wanamwingiza kwenye gari na kujaribu kumtoa pepo. Ni Mary anapochomoka ndipo Biblia inaruka. Kwa matendo, filamu haikunisingizia hata kidogo. Iliponisingizia ni kwenye sababu. Baadaye inatolewa picha ya zamani ya Hilary Faye akiwa mnene, shule nzima inaiona, na mtazamaji anapewa ufunguo: kumbe ulokole wake ulikuwa vazi la kufunika aibu. Usiku anachafua kuta za shule kwa rangi ili wenzake wasingiziwe. Sasa hatuna tena haja ya kuuliza kama anaamini.

Kwenye somo la fasihi tulifundishwa kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Filamu hii inajua kuwaumba wa duara. Mchungaji Skip anampenda mama yake Mary, ndoa yake imevunjika, lakini anaamini kwa dhati kwamba talaka ni dhambi. Tunamwona akisukumwa huku na huku na moyo wake. Patrick, mwanawe, ni mlokole na bado ni mtu mwema. Hilary Faye peke yake ndiye amelazwa bapa, na yeye ndiye anayebeba uzito wote wa kejeli. Wasioamini wa shule hiyo, Cassandra na Roland, wanaachwa nje ya kicheko: wao ndio wanaotuchekesha, hatuwacheki.

Nikilinganisha na Life of Brian ya Monty Python, tofauti inaonekana vizuri. Filamu hiyo ya mwaka 1979 ilipigiwa kelele kuliko Saved!; Norway na Ireland ziliizuia, na halmashauri kadhaa za Uingereza zikafanya vivyo hivyo. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Yesu ambayo wengi wetu tuliiona kwa Kiswahili, ikionyeshwa kwenye shuka jeupe uwanjani kwa kanisa. Katika Life of Brian pia Yesu yupo mlimani, anahubiri kwa heshima, bila dhihaka yoyote. Kamera inarudi nyuma taratibu mpaka kwa watu waliosimama mbali. Wao hawasikii vizuri. Wanadhani waliobarikiwa ni watengeneza jibini, wanaanza kutafsiri maana yake, kisha wanapigana.

Hao nao ni wahusika bapa, sikatai. Lakini ubapa umegawanywa kwa wote: umati unaoamini, wanamapinduzi wanaochukiana kuliko wanavyowachukia Warumi, na Warumi wenyewe. Hakuna anayebaki pembeni akiwa na akili peke yake. Wala hakuna anayeambiwa kwamba imani yake ni unafiki. Wanaambiwa tu kwamba wamesikia vibaya. Nikiwa mwamini, kejeli hiyo naipokea, kwa sababu kusikia vibaya ndiko hasa nilikofanya usiku ule bwenini.

Kwangu, basi, kejeli ya haki ni ile inayomruhusu anayechekwa aamini kweli anachosema anaamini. Haimwondolei hatia. Mimi ningekuwa mnafiki, kisa changu kingekuwa chepesi: mwongo kafichuliwa, tusonge mbele. Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba sikuwa nadanganya. Nilimpenda yule msichana, niliogopa moto kwa niaba yake, na nikampokonya shule. Filamu ikionyesha ofisi ya matroni bila tranka, itanicheka kirahisi. Ikionyesha tranka bila ofisi ya matroni, itanisamehe kirahisi.

Mwaka jana nilimtafuta kwa simu nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tranka analikumbuka, na maombi anayakumbuka, na kwamba mwanawe yuko kidato cha kwanza. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Baada ya simu hiyo nikaiangalia Saved! tena, peke yangu. Karibu na mwisho Hilary Faye anaendesha gari kwa hasira na kuigonga sanamu kubwa ya Yesu mbele ya shule. Wengine wanahangaika na uchungu wa Mary. Yeye anabaki amekaa pale akilia, na Roland, kaka yake aliye kwenye kiti cha magurudumu, anakaa naye pamoja na Cassandra. Ni muda mfupi tu. Lakini hapo, kwa mara ya kwanza, kamera inamwangalia bila haraka ya kucheka. Natamani filamu ingeanzia hapo.