Heko kwa wasafisha punda wa Maswa

Mvua zikishika Maswa, udongo mweusi wa mbugani huvimba na kunata hadi magari hukwama. Anayebaki njiani ni punda na mkokoteni wake wa maji au magunia. Punda tunamsifu, japo kwa shingo upande. Anayemtoa tope jioni hatumtaji kabisa, na pongezi hizi ni zake.

Asiyejua hukimbilia ndoo akamwogesha mnyama mzima. Ngozi inayoloweshwa kila siku hulainika, vijidudu vikapata mlango. Kimojawapo, Dermatophilus congolensis, kilielezwa mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo. Hushambulia farasi na punda vilevile, kikiacha magamba yanayouma yakibanduliwa. Mjuzi huacha tope likauke, kisha hulisugua kwa brashi ngumu au gunzi la hindi, akifuata manyoya yalikolalia. Hukazia mikanda inapokaa, kifuani na mgongoni, maana chembe ya mchanga iliyobanwa hapo asubuhi huwa kidonda jioni. Mwisho huinua miguu mmoja mmoja na kuchokoa kwato. (Mguu wa nyuma hauinuliwi na mtu mwenye haraka.)

Asili ya punda ni nchi kavu, na manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi; akishasafishwa apewe paa na mahali pakavu pa kusimama. Na mwenye mkokoteni anayemlipa kijana kwa safari tu, aongeze kitu kwa ajili ya hiyo saa ya brashi.