Mtaro Kabla Haujafukiwa

Boma nyingi za Kericho na Bomet zimepangika kwa namna moja: nyumba iko juu mgongoni mwa kilima, chai inateremka hadi bondeni, na huko chini kabisa ndiko kijito kilipo. Umeme uko juu na maji yako chini. Ndiyo sababu watu huzika kebo kutoka nyumbani hadi kwenye pampu, na hakuna kazi ya umeme iliyo rahisi kuifanyia ulaghai kama hii. Mtaro ukishafukiwa, wa fundi stadi na wa tapeli haitofautiani. Basi mwenye jicho hukagua ungali wazi.

Hata kabla ya jembe kugusa udongo, msikilize fundi anauliza nini. Asipouliza umbali, mpe chai umuage. Chukua pampu ya nguvu-farasi 2 inayovuta takriban ampea 10, mita 150 kutoka nyumbani. Kebo ya milimita 2.5 za mraba itapoteza njiani volti karibu 28 kati ya 240, wakati kipimo ambacho mafundi hujiwekea ni asilimia 5, yaani volti 12. Kebo ya 6 itaponea chupuchupu. Ya 10 itapoteza kama 7 tu. Tena pampu inapoanza kuzunguka huvuta mara tano ya kawaida au zaidi. Iliyofungwa kwenye kebo nyembamba huguna, hukwama, na hatimaye huungua koili. Mwenyewe atalaani pampu za siku hizi kuwa ni feki, kumbe ameuziwa kebo isiyofaa. Mimi ningepunguza ukubwa wa pampu kabla ya kupunguza unene wa kebo.

Kebo nayo ikaguliwe dukani, si shambani. Ya milimita 6 za mraba kwa kawaida huwa na nyuzi 7, kila uzi ukizidi kidogo tu milimita moja kwa unene. Omba ncha, kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na muuzaji anajua.

Iwe ya deraya, ile yenye nyaya za chuma chini ya gamba jeusi. Wengine huona waya wa kawaida ndani ya paipu ya plastiki unatosha, lakini hao hawajawahi kugombana na fuko. Mnyama huyu huishi kwa kutafuna mizizi, na plastiki haimsumbui. Jembe pia lina njaa yake: mashimo ya kupandia miche ya chai hufika sentimita 45 hivi, kwa hiyo kebo iliyolazwa futi moja chini inamngoja kibarua tu. Sentimita 60 ndicho kina ninachokiheshimu, kando ya njia ya wachumaji badala ya katikati ya mashina. Utepe wa onyo ulazwe juu yake, nusu ya kina. Mchanga ni ghali huku; udongo uliochekechwa mawe yakatoka unafaa kuizunguka kebo.

Kisha kuna mteremko. Mvua ya Kericho haina likizo ndefu, na mtaro ulionyooka kushuka, ukafukiwa kwa udongo mlegevu, hugeuka mfereji kabla msimu haujaisha. Kazi nzuri hukata mteremko kwa mshazari na hufukiwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa. Kiungo ndani ya udongo sikitaki kabisa. Kikilazimu, kiwe cha kumiminiwa gundi maalum. Utepe mweusi si kiungo.

Ncha ya chini ndiyo inayomfichua fundi, maana ile ya juu huonwa na wageni. Mwambie afungue glandi, kile kibano cha chuma kinachoishika kebo inapoingia kisandukuni. Nyaya za deraya ziwe zimetandazwa kuizunguka koni yake yote kama mbavu za mwavuli, bila hata moja kukatwa fupi na kufichwa, kisha zikabanwa na kuunganishwa na ethi. Nimeona glandi inayong'aa ambayo ndani ilishika nyaya nne tu. Kisanduku cha pampu kiwe na swichi ya kukata umeme papo hapo, kebo iingilie kwa chini, na kikae juu ya kimo cha mafuriko. Kimo hicho hakihitaji mhandisi: tazama takataka zilizonasa kwenye matawi kando ya kijito.

Kule nyumbani, laini hiyo iwe na breka yake na RCD, ile swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Bonyeza kitufe cha kujaribia. Isipokatika, kazi haijaisha. Kwa radi za huku, kinga ya umeme wa ghafla ni lazima. Kebo kuwa ardhini hakuizuii radi kuifikia.

Mwisho, fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, apime kihami kwa mega, yaani kipimo cha ukinzani wa kihami, ya volti 500 mbele yako. Kanuni huridhika na megaomu 1, lakini kebo mpya husoma mamia. Ikisoma 2, mimi ningeirudisha. Apime tena baada ya kufukia, maana jiwe moja laweza kuharibu yote. Na kabla ya koleo la kwanza la kufukia, piga picha za mtaro na futi ikiwa imelazwa ndani, uandike umbali kutoka kona ya nyumba hadi kila mpindo. Atakayechimba shimo la choo hapo baadaye ataziomba.